Sisimizi wa Naivasha na lawama za kamera

Tarehe 5 Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni mjini Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliopakiwa katika mirija 2,244 ya maabara iliyozibwa kwa pamba. Katika kesi nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walishtakiwa kwa mzigo mdogo zaidi wa sisimizi uliokamatwa Nairobi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Mei, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo cha miezi 12. Watu walicheka. Nchi ya tembo na faru imeshikana na sisimizi? Kicheko kilipokwisha yakaja maneno mazito zaidi, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike: kwamba wezi wa aina hii hutafuta njia kwenye picha zetu, kwamba kila anayempiga picha mdudu na kuiweka mtandaoni pamoja na jina la mahali amemchorea mwizi ramani, na kwamba dawa ni kuwabana wenye kamera.

Naona hapo tumelenga pasipo. Mzigo wa Naivasha uliwezekana kwa sababu wadudu wetu wanajulikana sana kwa wanunuzi na hawajulikani kwa wenye nchi. Pengo hilo litazibwa na watu wengi zaidi wa hapa kuwatazama wadudu hao, kuwapiga picha na kuweka kumbukumbu zao, wala halitazibwa kwa kuwatisha wachache waliokwisha kuanza. Yapo maeneo na viumbe wanaostahili kufichwa, na nitayataja. Lakini ni machache, yana sifa zake, na mdudu wa uani kwako ni nadra sana kuwa mmoja wao.

Kwanza tumwelewe huyo sisimizi mwenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Messor cephalotes, miongoni mwa sisimizi wavunaji wakubwa kabisa barani. Vibarua wake hutembea mistari mirefu wakibeba mbegu za nyasi na kuziweka ghalani chini ya ardhi. Baadhi ya mbegu hudondoka njiani zikaota mbali na mmea mama, na udongo unaotolewa shimoni hupata hewa. Mvua zikinyesha, malkia wachanga wenye mabawa hutoka, hupandana na madume angani, hushuka, hujikata mabawa na kutafuta mahali pa kuchimba. Kundi lote litakaloishi hapo litatoka kwa malkia huyo mmoja. Ndiyo maana biashara hii huwataka malkia na kuwaacha vibarua: anayenunua malkia aliyekwisha kupandwa ananunua kichuguu kizima kwa mkupuo. Na ndiyo maana malkia 5,000 waliookotwa ni makundi 5,000 ambayo hayakuanza, hata kama wengi wao wangekufa wenyewe kabla ya kuzaa, kama ilivyo kawaida ya wadudu. Wanunuzi ni watu wanaofuga sisimizi ndani ya visanduku vya kioo huko Ulaya na Asia. Wakati wa kesi ile, bei iliyotajwa kwa soko la Uingereza ilifika pauni 170 kwa malkia mmoja.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya uhifadhi wa wanyamapori haikuweka kipimo cha ukubwa. Kiumbe wa porini wa asili ya nchi ni mali iliyolindwa, awe mnyama, mmea au hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, na kumfanyia biashara akiwa hai kunahitaji kibali. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) liliitaja pia Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayozitaka nchi zinazochukua rasilimali za kijenetiki zipate ridhaa ya nchi zenye rasilimali hizo na zigawane nazo faida. Sisimizi huyu hayumo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo mzigo ukishavuka mpaka, ofisa wa forodha wa upande wa pili ana sababu chache za kuuzuia. Kilichoadhibiwa Naivasha, basi, ni kuchukua na kutaka kusafirisha. Anayemtazama mdudu na kumwacha pale alipo hakutajwa na mtu yeyote kwenye kesi ile.

Hata hivyo hoja ya wanaotaka usiri ina mizizi, na si haki kuipuuza. Mwaka 1999 wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mjusi wa mapangoni wa China aitwaye Goniurosaurus luii. Bei yake ikapanda mara moja kwa wafugaji wa nje, na mahali palepale palipoandikwa kwenye taarifa hiyo ya kitaalamu mjusi akamalizwa na wakusanyaji. Tangu hapo baadhi ya watafiti wakawa waangalifu. Nyoka wa pembe aitwaye Atheris matildae alipotangazwa mwaka 2011 kutoka milima ya kusini-magharibi mwa Tanzania, waandishi wa taarifa walikataa kwa makusudi kutaja msitu anamoishi, wakijua jinsi wafugaji wa nyoka wanavyowatamani nyoka wa jamii hiyo. Walifanya sawasawa. Kiumbe mwenye bei kubwa, mwenye rangi ya kuvutia, anayeishi katika msitu mmoja mdogo, asiyeweza kukimbilia kwingine: huyo fichua sura yake na ufiche kwao.

Ila angalia mfano wa tatu, ambao kwetu ndio wa karibu zaidi, uone jinsi hoja inavyoanza kuyumba. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, yupo mjusi mdogo ambaye dume lake ni buluu ya kung'aa, Lygodactylus williamsi. Huishi kwenye mimea ya mkadi ya msituni na karibu hana makao mengine duniani. Kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009, kwa makadirio ya watafiti, kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa humo mijusi zaidi ya 32,000 kwa ajili ya soko la wanyama wa kufugwa, na mikadi ikakatwa ili kuwafikia walioko juu. Mjusi huyo aliingizwa kwenye daraja la juu la ulinzi la CITES katika mkutano wa 2016. Miaka ile simu za kamera zenye intaneti zilikuwa adimu vijijini, na hakukuwa na kijana wa Morogoro aliyekuwa akibandika picha za mijusi na alama ya mahali. Wakusanyaji walijua pa kwenda kwa njia ya kale: mfanyabiashara anamjua dalali, dalali anamjua mwenyeji, mwenyeji anaujua msitu. Soko lilikuwa na taarifa zake lenyewe. Waliokosa taarifa ni walinzi, wanunuzi wenye dhamiri, na raia ambao wangepiga kelele mapema. Usiri ulikuwepo Kimboza, ukawahudumia wezi.

Kwa hiyo swali la maana ni picha ipi, ya kiumbe yupi, na maelezo kiasi gani. Majukwaa ya kumbukumbu za viumbe yamelifikiria jambo hili kuliko walalamikaji wanavyodhani. iNaturalist, lililoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hufunika lenyewe mahali alipoonekana kiumbe aliyeorodheshwa kuwa hatarini: umma huonyeshwa nukta ya kubahatisha ndani ya kisanduku ambacho kwetu huku karibu na ikweta kina upana wa kilomita 22 hivi. Kilomita 22 zinamtosha mtafiti kujua kiumbe yuko wilaya gani, wala hazimsaidii mtu mwenye chepe. Udhaifu upo, na ni mkubwa kwa wadudu hasa: kiumbe ambaye hajawekwa kwenye orodha hafunikwi mpaka mpigapicha mwenyewe achague kumfunika. Wadudu waliokwisha kupewa majina na sayansi ni takriban milioni moja, na waliopimwa kiwango chao cha hatari kwenye Orodha Nyekundu ya kimataifa hawafiki asilimia mbili ya hao. Mpigapicha wa wadudu, tofauti na mpigapicha wa simba, hana budi kuamua mwenyewe. Kichuguu cha sisimizi anayeuzwa ghali, weka jina la kaunti tu. Vunjajungu aliyetua kwenye pazia, weka hata jina la mtaa.

Kati ya hoja zote nilizosikia, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba picha yenyewe ni uporaji, kwamba mgeni anayempiga picha kipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, anabeba urithi wetu kama aliyebeba malkia kwenye mrija. Hapa mambo mawili yamechanganywa. Upo ubishi halali, wa kimataifa, kuhusu taarifa za kijenetiki zinazosomwa maabara na kuwekwa kwenye hifadhidata ambako kampuni ya dawa au ya vipodozi inaweza kuzitumia bila kurudisha senti moja. Nchi za Afrika zina haki ya kulishikilia jambo hilo mezani. Picha ya ubawa, hata iwe safi namna gani, haimzai kipepeo mwingine, haitoi dawa, wala haipunguzi idadi ya vipepeo msituni. Malalamiko yaliyo chini ya hoja hiyo nayaelewa. Nikiweka picha ya kereng'ende, mara nyingi anayenithibitishia jina lake ni mtu aliye Ulaya au Marekani, na jina lenyewe la kitaalamu huenda lilitolewa kwa kielelezo kilichochukuliwa hapa enzi za ukoloni na kilichohifadhiwa hadi leo kwenye kabati la London au Berlin. Hilo linauma. Lakini mtu aliyeachwa nje ya chumba hatetewi kwa kumfumba macho. Thomas Odhiambo alipoanzisha icipe jijini Nairobi mwaka 1970, kituo cha Kiafrika cha sayansi ya wadudu, hakuwaomba wageni waache kutazama. Aliwafundisha Waafrika kutazama wadudu kwa viwango vya juu kabisa. Mtu akisema kuchungulia wadudu ni mchezo wa Wazungu, amesahau miaka 50 na zaidi ya kazi iliyofanywa na icipe.

Na kazi hiyo ina faida zinazopimika, tena katika mambo ya chakula na afya. Chukua nzige. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kutoka Somalia na Ethiopia, uvamizi ambao nchi hiyo haikuwahi kuuona kwa miaka 70. Ndege za kunyunyizia dawa hazina maana kama rubani hajui pa kwenda leo, kwa sababu kundi linaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) pamoja na kundi la PlantVillage la Chuo Kikuu cha Penn State walitengeneza haraka, mwanzoni mwa 2020, programu ya simu ya eLocust3m, ili skauti, mfugaji au mkulima aliyefundishwa kidogo aweze kupiga picha na kutuma mahali alipo. Picha ilibeba zaidi ya mahali. Nzige wa rangi ya waridi bado ni mchanga, atakula na kuruka. Akigeuka njano amekomaa na yu karibu kutaga. Tunutu wasio na mabawa wanaweza kumalizwa chini kabla hawajaruka. Mtu mwenye simu akitofautisha rangi hizo alikuwa anaamua ndege iende wapi. Na programu nyingine ya kundi hilohilo, Nuru, inazungumza Kiswahili, haihitaji intaneti wakati wa kutumika shambani, na humsaidia mkulima kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo, pamoja na viwavijeshi vamizi, waliotokea Amerika, wakaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kutufikia sisi mwaka uliofuata. Kamera ileile tunayotaka kuibana.

Mbu naye. Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayeeneza malaria mijini kwa kuzaliana kwenye matangi na ndoo za maji, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012 na kuthibitishwa Kenya miaka kumi baadaye. Mwaka 2020 mtu wa kawaida jijini Antananarivo alimpiga picha kiluwiluwi na kuituma kwenye programu ya simu. Watafiti walioichunguza baadaye wanaamini huenda alikuwa mbu huyohuyo, katika kisiwa ambacho hakuwa ameripotiwa. Huenda, wamesema, kwa sababu picha ya kiluwiluwi ina mipaka yake. Wadudu wengi hawatambuliki kwa picha peke yake. Wanahitaji darubini, kielelezo mkononi, wakati mwingine vinasaba. Lakini picha hutangulia na kumwambia mtaalamu aende akachote maji kwenye tangi lipi, kabla mbu hajawa wa mji mzima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mapapai. Mpapai jike hauzai usipopata chavua ya mpapai dume, na kwa muda mrefu wakulima wengi hawakushughulika kujua nani anaibeba. Mtaalamu wa wadudu Mkenya, Dino Martins, alikaa kwenye mashamba ya mapapai jua linapozama na kutazama. Waliokuja ni nondo wakubwa wenye mrija mrefu wa kunyonya, wanaopita kwa kasi katika dakika chache kabla ya giza, na utafiti wake uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ukaribu na ubora wa uoto wa asili kando ya shamba unahusika na uchavushaji huo. Viwavi wa nondo hao hulelewa na mimea ya porini ambayo mkulima huifyeka akidhani anasafisha. Ugunduzi huo ulihitaji mtu anayejua kwamba giza linapoingia ndipo kazi inapoanza, na subira ya kusimama pale mbu wakimuuma.

Wenyeji wanajua mengi ya namna hiyo bila kuyaandika popote. Mwaka 2020 dunia ilitangaziwa kwamba sengi wa Kisomali, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, amepatikana tena Djibouti baada ya sayansi kumpoteza kwa takriban miaka 50. Watafiti, akiwemo mwanaikolojia wa Djibouti Houssein Rayaleh, waliwaonyesha wakazi picha, na wakazi wakamtambua. Hawakuwa wamempoteza, walikuwa wakiishi naye. Miaka yote hiyo kilichokosekana ni rekodi.

Sisemi kamera haina dhambi. Wapo wanaomweka mdudu kwenye jokofu ili apoe ashindwe kutembea, kisha wakatuonyesha picha ya umande bandia na kuiita asubuhi ya msituni. Wapo wanaogeuza magogo na mawe bila kuyarudisha, wanaokata majani yanayofunika kiota ili mwanga uingie, jua likaua makinda, na wanaompitisha kinyonga mmoja mikononi mwa watalii kutwa nzima. Huko ndiko miiko inakohitajika, na wanaopaswa kuanza kuisimamia ni waongoza watalii na vikundi vya wapigapicha wenyewe. Kamera haikuruhusu kumgusa. Kwa mambo hayo sina huruma na wenzangu.

Ninachokiogopa ni ile tabia ya serikali zetu kuona tatizo dogo na kushusha marufuku kubwa. Tunayo kumbukumbu yake ya karibu. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993: familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo wa humo, huuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda lake, na pupa husafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kabla ya hapo majirani wengi wa msitu ule walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Kipepeo aliyelipa karo akawapa sababu ya kuutaka usimame. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wanakijiji walifanya vivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha mwaka 2016 Tanzania ikasimamisha usafirishaji wote wa wanyamapori hai kwenda nje. Sababu zilikuwepo, na zilikuwa nzito. Biashara ile ilikuwa imejaa uchafu. Ila marufuku hayakuchagua. Wafugaji wa vipepeo wa Amani, waliokuwa wakizalisha wadudu wao wenyewe na kuulinda msitu unaowapa mbegu, walifungiwa mlango uleule na wakusanyaji waliokata mikadi ya Kimboza. Nikisikia leo mtu akisema wapigapicha wa wadudu wasajiliwe au walipie kibali, nauona mlango huo.

Nikiinama kando ya njia na simu, kila mara atatokea mtu kuniuliza nimedondosha nini. Nikimwambia nampiga picha mdudu, swali la pili ni kama kuna anayelipa. Zamani swali hilo nililicheka. Baada ya Naivasha naliona ni swali la kibiashara lenye akili, na wanunuzi wa malkia wanalijua jibu lake vizuri. Malkia wa sisimizi hutoka siku chache tu katika msimu wa mvua, asubuhi, mahali ambapo mchunga mbuzi na mtoto anayekwenda shule wanapita kabla ya ofisa yeyote wa KWS hajatoka nyumbani. Atakayewakuta wa kwanza ataamua kama atampigia simu dalali au mlinzi. Ili ampigie mlinzi lazima awe na namba, awe ameambiwa kwamba mdudu yule analindwa na sheria, na awe na jambo la kufanya na alichokiona zaidi ya kukiuza. Simu anayo. Klabu za wanyamapori za shule tunazo Kenya tangu miaka ya 1960, na kwa miaka mingi zimewapeleka watoto kuwaona twiga. Kaunti ya Nakuru, ilimo Naivasha, ingeweza kuanza na vichuguu vilivyo ndani ya uzio wa shule zake: kila darasa lihesabu, lipige picha, liandike tarehe malkia walipotoka, na mahali pabaki kwa mwalimu na makumbusho. Miaka mitano ya daftari kama hilo ingempa hakimu wa kesi ijayo kitu cha kupimia hasara zaidi ya bei ya soko la Ulaya.